Mwonja Maziwa Aliyeapa Kwamba Hanywi Maziwa

"Wafugaji wote, madereva wote, na yeyote aliyeshika mkebe, mnaombwa kutulia. Kwa moyo mzito, uongozi wa kiwanda unawatangazia kwamba Mwonjaji wetu Mkuu, aliyelinda matumbo ya umma kwa ulimi wake kwa miaka ishirini na sita, ana jipu. Jipu hilo liko kwenye kalio la kushoto. Uongozi unaomba utulivu, uvumilivu na dua zenu. Taarifa zaidi zitatolewa kadiri jipu litakavyoruhusu."

Maneno hayo yalitoka kwenye kipaza sauti cha kiwanda cha maziwa Jumamosi moja, saa moja kasorobo asubuhi. Yakaruka ukuta, yakavuka barabara, yakaingia kila dirisha lililokuwa wazi mtaani, likiwemo dirisha la jikoni ambapo mama mkwe wa mwenye jipu alikuwa amekaa anachambua maharage. Kipaza sauti hicho kilinunuliwa kwa ajili ya kutangaza moto. Kwa kuwa moto ulikataa kutokea, kikafunguliwa rasmi na jipu.

Lakini jipu halioti hewani. Linaota kwa mtu, na mtu huyu aliitwa Ulimi.

Jina lake la kwenye kitambulisho alilijua karani wa kiwanda peke yake, na hata karani alilikosea kila mwezi. Ulimi alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sharubu nene zilizoning'inia kama pazia la dirisha la mtu asiyetaka kuonekana. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye jukwaa la zege nyuma ya kiwanda, koti jeupe mwilini, buti za mpira miguuni, upawa wa mpini mrefu mkononi, na kuonja maziwa ya kila mfugaji kabla hayajamiminwa kwenye tangi. Anafunua kifuniko. Ananusa. Anachota. Anavuta funda, analizungusha mdomoni, anatazama juu kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoacha funguo. Kisha linafuata moja kati ya mambo mawili. Akimeza, maziwa yamepita. Akitema kwenye mtaro, maziwa yamekataliwa, na mwenyewe anafunika mkebe wake na kugeuza baiskeli, akatengeneze mtindi na aibu.

Hasemi neno. Hajawahi kusema neno. Kumeza ni ndiyo, kutema ni hapana, na rufaa haipo.

Ulimi ule ulikuwa na maarifa ya kutisha. Ulimjua ng'ombe aliyeiba vitunguu shambani. Ulijua mkebe uliooshwa kwa sabuni ya kufulia na kusuuzwa kwa uvivu. Ulimjua mfugaji aliyegombana na mkewe alfajiri, maana mtu wa namna hiyo hukamua kwa hasira na maziwa hutoka na povu la lawama. Kiwanda kiliwahi kununua mashine ya kupima maziwa. Siku ya kwanza ikapitisha mkebe uliotiwa maji ya bomba, ikaukataa mkebe wa bibi mwenye ng'ombe mmoja, ambaye maziwa yake watu wazima waliyanusa wakawakumbuka mama zao. Tangu siku hiyo mashine ile ilipewa kazi ya kushikilia koti la meneja.

Mikebe themanini asubuhi, mikebe arobaini jioni, kila siku ya Mungu. Akifika nyumbani, Ulimi alikunywa chai ya rangi. Uji wake haukutiwa maziwa. Ukimkaribisha glasi ya maziwa alikutazama kama umemkaribisha viatu. "Mimi sinywi maziwa," alijibu, na hakuwa anaongopa. Seremala naye akirudi nyumbani halali juu ya misumari.

Sasa jipu.

Lilianza Ijumaa kama upele mdogo wenye adabu. Jumapili likawa na ukubwa wa ndimu. Jumatatu Ulimi alijaribu kukaa kwenye kiti cha kunywea chai, akanyanyuka kabla kiti hakijajua kwamba amekuja. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakufafanua kwamba kinaweza kuwa upande wa nyuma, ambapo hata kukiona unahitaji vioo viwili na mke mvumilivu.

Kwa mtu mwingine wa kazi ya kusimama, jipu la hapo lingekuwa usumbufu tu. Kwa Ulimi lilikuwa janga, kwa sababu ya tiketi. Kitinda mimba wake, binti aliyesomea upimaji wa ardhi, alikuwa anahitimu. Mahafali, kwa asiyejua, ni siku ambayo watu waliokosa ujasiri wa kuacha chuo mapema huvalishwa majoho mapana ili wafarijike. Ulimi hakuiona hivyo. Katika ukoo wake wote hakuna aliyewahi kuvaa joho, isipokuwa mjomba mmoja aliyekuwa kinyozi. Basi la kwenda huko chuoni lilisafiri saa tisa nzima, halikuchukua abiria wa kusimama, na lilikuwa linaondoka Ijumaa ya wiki inayofuata. Tiketi ilikuwa kwenye droo, kiti namba kumi na nne, dirishani. Kila jioni Ulimi alikwenda kuitazama, akiwa amesimama.

Jumatatu hiyo hiyo alikwenda zahanati. Daktari, kijana mwenye mikono ya baridi, alilitazama jipu kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

"Hili jipu tulipe dawa kwanza," alisema. "Likikubali, vizuri. Likigoma, tunapasua. Na ukipasuliwa hapo, mzee wangu, kukaa utakusikia redioni kwa wiki tatu."

Akaandika antibayotiki za siku saba. Dirishani kwenye chumba cha dawa alikuwepo mfamasia, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na sauti ya mtu aliyewahi kuwa kiranja.

"Kuna dawa yoyote inayokudhuru?"

"Hakuna."

"Pombe unakunywa?"

"Harusini."

"Maziwa je?"

"Sinywi maziwa."

"Safi. Maana hii haipatani kabisa na maziwa. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwa glasi nzima ya maji. Na ukishameza usilale, kaa wima nusu saa, kisije kikakwama kooni."

"Kukaa sitaweza," alisema Ulimi. "Wima nitaweza."

Basi kila siku saa kumi na moja na nusu asubuhi alimeza kidonge chake kwa maji, akasimama wima njia nzima hadi kazini, na saa kumi na mbili kamili akaanza mikebe themanini. Jioni mikebe arobaini ilikwisha saa kumi na moja, akatembea nyumbani, na saa kumi na moja na nusu akameza kidonge cha pili. Hakuruka hata kimoja. Alijiona mgonjwa wa mfano, wa kuchorwa kwenye kalenda.

Nyumbani nako alisaidiwa. Kidonge kilipomchoma tumbo, mkewe, mwanamke mwenye huruma nyingi na droo yenye mambo mengi, alimletea vidonge vyeupe vya kiungulia, vile vya kutafuna, vyenye ladha ya chaki iliyosuguliwa kwa dawa ya meno. Alitafuna viwili papo hapo juu ya kidonge cha daktari. Na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kukaa wiki mbili miaka minne iliyopita, alimwona mkwewe anakula amesimama akaguna.

"Mwanangu, una nini?"

"Mgongo, mama," alisema Ulimi. "Huku chini kidogo."

Mkwe ni mkwe. Mbele ya mama yule, Ulimi hata neno kiti alilitamka kwa tahadhari, sembuse kinachokikalia.

"Si mgongo huo," alisema mama mkwe. "Mtu anayekula wima damu yote imemshukia miguuni." Akaenda chumbani kwake, akarudi na chupa ya dawa ya kuongeza damu, yenye madini ya chuma, nyeusi kama oili iliyomwagwa gereji. Akamimina kijiko, akakisogeza. Hakuna mwanaume aliyewahi kukataa kijiko kilichoshikwa na mama mkwe akabaki na amani. Ulimi alifungua mdomo. Kila jioni, saa kumi na moja na dakika thelathini na tano.

Ijumaa, siku ya tano, jipu lilikuwa limenenepa. Lilikuwa na afya kuliko mwenyewe. Ulimi alitoka kazini mchana akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la dawa, akaiweka pakiti juu ya kaunta kama mtu anayerudisha shati lililochanika.

"Mama, hivi mnavyotupa ni vidonge au ni unga wa ngano?"

Mfamasia alivaa miwani. "Umekula vyote?"

"Sijaruka."

"Kwa maji?"

"Glasi nzima."

"Na maziwa hujagusa?"

"Nilishakwambia, mama. Sinywi maziwa. Muulize mke wangu. Muulize mtu yeyote."

Mfamasia akamtazama usoni, kisha chini kidogo ya pua, akabaki hapo.

"Na hicho cheupe kwenye sharubu ni nini?"

Ulimi alijipangusa kwa kiganja. "Kazi."

"Kazi gani inakauka kwenye sharubu?"

"Niko pale kiwandani. Mimi ndiye naonja."

Mfamasia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Unaonja nini, baba?"

"Maziwa."

Nyuma ya Ulimi foleni ilikuwa na watu sita, na wote sita waliacha kukohoa.

"Umeniambia hunywi."

"Sinywi. Naonja. Kunywa na kuonja ni vitu viwili."

"Ukionja, unameza au unatema?"

"Yakiwa mazuri nameza. Nikitema ina maana nimeyakataa."

"Na mengi ni mazuri?"

"Wafugaji wetu ni watu waangalifu," alisema Ulimi, kwa fahari kidogo.

Mfamasia akachukua kalamu. Mikebe mingapi asubuhi? Funda moja ni vijiko vingapi? Akaandika, akazidisha, akapigia mstari chini, akamgeuzia karatasi. "Asubuhi peke yake unakaribia lita nzima, baba. Ndama anakunywa kidogo kuliko wewe."

Mtu mmoja kwenye foleni akasema pole. Haikujulikana anampa pole nani.

"Sikiliza," alisema mfamasia, akiinamia kaunta. "Si antibayotiki zote zenye tabia hii, lakini hii yako ina mapenzi ya haraka. Ndani ya maziwa kuna madini, kalisi. Dawa ikikutana na kalisi tumboni, wanakumbatiana kama ndugu waliopotezana sokoni. Hawaachani tena. Wanashikana mikono, wanapita tumboni, wanatoka mlango wa nyuma pamoja. Damu haioni kitu. Na wakati wanatoka, wanapita jirani kabisa na jipu lako, bila hata kulisalimia."

Ulimi akaiwaza safari hiyo. Ilimuuma moyoni zaidi ya pale panapouma.

"Kuna kingine unakula na hii dawa? Usinifiche, leo umeshanichosha."

Akamwambia vidonge vya kiungulia. Mfamasia akafumba macho. Akamwambia dawa ya damu ya mama mkwe. Mfamasia akakaa kwenye kiti, jambo ambalo Ulimi alilitazama kwa wivu.

"Kalisi asubuhi," alisema mama yule taratibu. "Jioni kalisi, na kiungulia, na chuma. Wote hao wanaikumbatia. Kidonge changu hakijawahi kuwa peke yake hata siku moja. Wewe hukutumia dawa, baba. Wewe ulikuwa unaifungisha ndoa."

Akapiga simu kwa daktari. Daktari akasema siku zianze kuhesabiwa upya, siku saba nyingine, na Jumatano ataliangalia. Kama halijapungua, kisu. Mfamasia akaandika kwa herufi kubwa: maziwa yakae mbali na kidonge, saa mbili kabla na saa mbili baada. Vidonge vya kutafuna, acha. Kidonge kikichoma, kula kipande cha mkate mkavu kwanza. Dawa ya damu, isimame mpaka siku saba ziishe, damu unayo, nimeiona ikikupanda usoni.

"Asubuhi utameza saa kumi," alimalizia. "Jioni saa moja na nusu. Basi. Wala si jambo kubwa."

Si jambo kubwa kwa anayeliandika. Ulimi alitembea kwenda nyumbani akilipima. Saa kumi alfajiri ni saa ambayo jogoo mwenyewe anajigeuza upande wa pili. Mtu mwenye akili, alijiambia, hawezi kuamka saa ile wakati tatizo lina suluhisho la mchana. Tatizo ni kumeza. Basi hatameza.

Na hapo ndipo mtu mwenye ulimi wa ajabu alipoonyesha kwamba vipaji hugawiwa kimojakimoja.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, aliwageukia wafugaji wanane waliokuwa mbele ya foleni na, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, akafungua mdomo kwa ajili ya kusema.

"Leo tunabadilisha," alisema. "Nikitema, yamepita. Nikimeza, yamekataliwa."

Hesabu yake ilikuwa safi. Maziwa mabaya ni mikebe miwili au mitatu kwa siku. Hiyo ndiyo atakayomeza, na mafunda matatu hayawezi kuikumbatia dawa yote. Wale wanane walitazamana, wakaitikia kwa kichwa. Mmiminaji wa tangi, mtu mnene asiyeuliza maswali, aliitikia pia. Mambo yakaenda vizuri sana hadi mkebe wa nane.

Mkebe wa tisa ulikuwa wa Hakimu. Huyu hakuwahi kukanyaga mahakama isipokuwa kama mlalamikaji, na alijivunia jambo moja duniani: maziwa yake hayajawahi kukataliwa. Alifika akipiga mluzi, hajui kitu. Ulimi akachota, akazungusha, akatazama juu, akatema.

Mluzi ukafa.

"Umetema," alisema Hakimu.

"Nimetema."

"Maziwa yangu."

"Yamepita."

"Nimeona yakipita. Yamepita kwenye mtaro."

"Leo kutema ndiyo kupita."

"Tangu lini?"

"Tangu saa kumi na mbili."

Hakimu akawageukia watu waliokuwa nyuma yake, ambao nao walikuwa wamefika sasa hivi na hawakujua lolote. "Mmesikia? Mtu anakutemea mbele ya watoto wa watu, halafu anakwambia amekubariki."

Ingewezekana bado kuelewana, kama aliyefuata asingekuwa bibi mwenye ng'ombe mmoja. Ulimi alichota kwenye mkebe wake mdogo, akazungusha, akajiandaa kutema. Lakini koo lina heshima zake. Miaka yote ile koo la Ulimi lilikuwa likiyapokea maziwa ya bibi huyu kama mgeni rasmi, na kabla mwenyewe hajatoa amri, likameza.

Mmiminaji wa tangi, mtiifu hadi mfupani, akaufunika mkebe wa bibi na kuurudisha chini. "Yamekataliwa, bibi."

Bibi hakupiga kelele. Aliugeuza juu chini mkebe mtupu uliokuwa karibu, akaukalia, akakunja mikono. "Mimi siendi popote," alisema. "Nitakaa hapa mpaka huyu mtu arudiwe na akili."

Hakimu akakaa pembeni yake. Akakaa wa tatu, wa nne. Ndani ya dakika kumi jukwaa lote lilikuwa limekaliwa, watu wamejipanga juu ya mikebe kama kuku juu ya fito, maziwa yanapata joto, na mgomo wa kukaa ukawa umezaliwa rasmi. Mtu mmoja tu alikuwa wima.

Meneja akaja mbio. Alikuwa mfupi, mwenye tai, na alipenda hotuba kama wengine wanavyopenda sukari.

"Ulimi, kaa nao chini mzungumze kama watu wazima."

"Nitazungumza nimesimama."

"Mnaona?" alisema Hakimu. "Kututemea ametutemea, sasa anatuongelea kutoka juu kama bomba la mvua."

"Kaa tu, bwana," alisema meneja kwa sauti ya chini. "Dakika mbili. Wakikuona umekaa watalainika."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Ulimi aliwatazama watu arobaini waliokaa. Maishani mwake hajawahi kuona watu wengi kiasi kile wakikaa kwa urahisi kiasi kile, na bila shukrani yoyote. Akainama, akamnong'oneza meneja sikioni. Maneno matatu, labda manne.

Meneja alitakiwa kuyabeba maneno yale kwa busara. Lakini mgomo ulikuwa mbele yake, kipaza sauti kilikuwa ukutani miaka sita bila moto, na nafasi ya namna ile humjia mtu mara moja. Akakishika, akarekebisha tai, akakohoa. Na hapo mtaa mzima ukatangaziwa yale mliyoyasikia mwanzoni, kalio la kushoto likiwa limetajwa kwa jina na upande.

Watu arobaini walinyoosha shingo kumchungulia Ulimi kwa nyuma.

"Kushoto kwake," aliuliza Hakimu, "au kushoto kwetu tunaomtazama?"

"Kwake," alisema meneja kwenye kipaza sauti.

Ulimi akaona hakuna tena cha kuficha, na kipaza sauti kikiwa bado kimewashwa, akaeleza yote: kidonge, kalisi, ndugu wanaokumbatiana, kisu cha Jumatano, basi la Ijumaa, kiti namba kumi na nne. Alipofika kwenye binti na joho, bibi mwenye ng'ombe mmoja alifungua mikono yake aliyokuwa ameikunja.

"Ngoja nielewe," alisema. "Ng'ombe wangu akichomwa sindano ya dawa kama hiyo, unaniambia nisilete maziwa mpaka siku zake ziishe. Nikileta unatema kabla hujaonja, unanusa tu."

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo dawa ikiwa kwa ng'ombe, unajua kwamba haichangamani na maziwa. Ikiwa kwako wewe, hujui."

Mmiminaji wa tangi, asiyeuliza maswali, alicheka peke yake kwa muda.

"Mfamasia amekwambia umeze saa ngapi?"

"Saa kumi alfajiri. Lakini bibi, saa kumi..."

"Saa kumi mimi nakamua. Ng'ombe wangu yuko macho, nami niko macho, wewe ni nani ulale? Nitapita kwako na kengele yake." Akasimama, akauchukua mkebe wake, akausukuma mbele ya mmiminaji. "Haya. Haya yamepita au hayajapita?"

"Yamepita," alisema Ulimi.

"Basi meza kama mtu mstaarabu."

Mgomo ukavunjika. Mikebe yote ikaonjwa upya na kumezwa kwa utaratibu wa zamani.

Kilichobaki kilikuwa nyumbani. Ulimi aliingia mchana kwa kupitia uani, akitembea kama mwizi wa kuku, akamkuta mama mkwe amekaa pale pale na maharage yake. Chupa nyeusi ilikuwa mezani, imefunikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mgongo unaendeleaje?"

"Unaendelea, mama."

"Nimesikia umeshuka mpaka kushoto."

Ulimi alitazama sakafu. Sakafu haikufunguka.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "nimezaa watoto saba. Nimeosha makalio kumi na manne. Ulidhani nitaogopa la kumi na tano?" Kisha akaishika ile chupa. "Na huyu mama wa dawa anasemaje kuhusu hii?"

Mkewe alikuwa mlangoni, anauma mtandio asicheke. Ulimi akakusanya adabu zote alizofundishwa, akaeleza kwamba dawa ya mama ni nzuri, ni nzuri mno, nzuri kiasi kwamba inamkumbatia mwenzake, na kwa hiyo imeombwa ipumzike siku saba kwa heshima zote.

"Sawa," alisema mama mkwe. "Nitakunywa mimi, isichache." Akanywa kijiko pale pale. Kuanzia jioni ile alianza kufagia hata uwanja wa jirani.

Bibi alitimiza. Jumapili, saa kumi alfajiri, kengele ya ng'ombe ilipigwa chini ya dirisha kwa nguvu ya mtu anayelipiza funda moja. Ulimi akaamka, akatafuna kipande cha mkate, akameza kidonge kwa glasi nzima ya maji, akasimama wima. Dawa ikaingia peke yake, haikumkuta ndugu wala jamaa, ikakosa wa kumkumbatia, ikaamua kufanya kazi. Jioni saa moja na nusu ikaingia nyingine. Vidonge vya kutafuna vilirudi kwenye droo, karibu na tiketi.

Jumatatu jipu liliduwaa. Jumanne lilisinyaa, likabaki kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Jumatano daktari wa mikono ya baridi alilitafuta, akalipata kwa shida, akakirudisha kisu kwenye trei. "Umebadilisha nini?" aliuliza.

"Saa," alisema Ulimi.

Ijumaa alfajiri alimeza kidonge, akapanda basi akiwa na mkewe, akasimama mbele ya kiti namba kumi na nne. Abiria waliokuwa nyuma walidhani anasali. Alishuka taratibu, sehemu ya kulia kwanza, kisha kwa ujasiri sehemu ya kushoto. Akangoja. Hakuna kilichotokea. Mkewe anasema alikaa saa tisa zote akitabasamu dirishani, na kwamba basi liliposimama watu wakanyooshe miguu, yeye alikataa kushuka. Kidonge cha usiku huo alikimeza kwa shemeji yake, kwa maji, baada ya kukataa glasi ya maziwa mara tatu.

Jumamosi, ukumbini, viti vilikuwa vya plastiki, vyeupe, na Ulimi alichagua chake kwa kukibonyeza kama anayenunua godoro. Hotuba zilikuwa sita. Watu walipiga miayo, walijikuna, walichungulia simu. Yeye alisikiliza zote sita ameegemea, miguu ameinyoosha, uso umeng'aa, hata mzungumzaji wa nne akaanza kuhutubia upande wake peke yake akiamini amepata mtu anayeelewa.

Kisha ngoma zikapigwa, milango ya nyuma ikafunguliwa, na wahitimu wakaanza kuingia kwa mstari, majoho yanapepea. Binti yake alikuwa wa tatu, kofia imekaa upande. Mwenye kipaza sauti akawaomba wageni wote wasimame kwa heshima. Ukumbi mzima ukanyanyuka kwa kishindo. Mkewe akanyanyuka, analia. Ulimi akainyoosha shingo tu, akamwona binti yake vizuri kupitia katikati ya wawili waliokuwa mbele, akampungia mkono, naye binti akampungia.

Msimamizi mwenye beji kifuani akaja akamwinamia sikioni.

"Mzee, wote wamesimama. Simama na wewe, tafadhali."

Ulimi hakugeuka.

"Mimi nimeshasimama," alisema.